Makofi Matatu

Jumatatu asubuhi Mzee Ludoviko Mkude, aliyezikwa Alhamisi, aliamka, akanawa uso, akapiga makofi matatu, akaenda kupalilia migomba.

Binti yake Adela aliyaona hayo akiwa ofisini, kule chini Morogoro mjini, kikombe cha chai mkononi. Chai ilimwagika mezani na hakuifuta. Kwenye skrini mistari mitatu ilikuwa ikipanda na kushuka, mmoja wa mkono unapokwenda mbele na nyuma, mmoja wa juu na chini, mmoja wa ubavuni. Chini yake Mlezi, mtambo wa taasisi unaozisoma saa za mkononi za wazee wa milimani, alikuwa ameandika, kwa vile viherufi vyake visivyo na haya: "Kupalilia. Mvaaji wa kwanza wa Lukobero. Mapigo ya moyo: mazuri. Mwendo unafanana na wa zamani kwa sehemu kubwa, si wote. Thibitisha mvaaji." Halafu vitufe viwili. Ni yeye. Si yeye.

Adela hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa amefanya kazi na saa hizi tangu akiwa mwanafunzi, na alijua zinachojua na zisichojua. Saa ya Mlezi haina macho wala masikio. Ina kipima mtikisiko, ina kipima mzunguko, ina taa ndogo ya kijani inayochungulia damu chini ya ngozi. Mkono ukisogea, saa inajua umesogea upande gani na kwa kasi gani, basi. Haijui kama mkono huo umeshika jembe au mwiko. Ili ijue, lazima mtu aifundishe, na taasisi ilianza hivyo hivyo, kwa kufundisha. Watu wa kujitolea walivishwa saa, wakawekewa kamera, wakaambiwa watwange, wafue, wafagie, wale, walale, na mtafiti akawa anataja kwa sauti jina la kila shughuli inapoanza. Na ili picha ya kamera na mistari ya saa zilingane, kila shughuli ilianza kwa makofi matatu. Kamera iliyaona, saa iliyahisi, na mtu wa ofisini akaja kuzishona pamoja pale pale kwenye makofi.

Mzee Ludoviko alikuwa wa kwanza kujitolea Lukobero nzima, maana mtafiti alikuwa binti yake na hakutaka aaibike. Akapiga makofi akapalilia. Akapiga makofi akanywa uji. Utafiti ulipokwisha na kamera zikaondoka, yeye akaendelea, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Alipiga makofi kabla ya kukata mkungu. Alipiga makofi kabla ya ishara ya msalaba, mpaka paroko akamwuliza kama amekwisha kuwa mlokole. "Mtu akianza jambo ajulikane ameanza," alijibu. Watu wakamwiga kwa mzaha, mzaha ukawa mazoea, na hadi leo ukipita Lukobero utasikia mtu akipiga makofi matatu kabla ya kuwasha jiko.

Sasa mkono wa marehemu ulikuwa umepiga makofi yale yale. Adela aliutazama mstari ukiruka mara tatu, akaelewa, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja kama mtu aliyepungukiwa na akili.

"Kapela," alisema peke yake. "Kapela wewe, hukuirudisha saa."

*

Msiba wa milimani haukamiliki bila watani, na mtani wa Mzee Ludoviko alikuwa Kapela, Mnyamwezi aliyepanda Lukobero zamani kujenga kanisa, akanogewa na ndizi, Tabora akaisahau. Miaka yote wazee hao wawili walitukanana kila walipokutana na walikutana kila siku.

Mzee Ludoviko alifia bafuni, uani, ndani ya ule ua wa mabanzi. Saa alikuwa ameitundika kwenye msumari kama kawaida yake, kwa hiyo Mlezi hakujua kitu. Aliandika: "Amevua saa. Anaoga." Walipomtoa na kumlaza mkekani na kumwosha kwa mara ya mwisho, Mlezi bado alikuwa ameandika kwamba anaoga, na kwa siku hiyo tu alikuwa amepatia bila kujua.

Kapela ndiye aliyeikuta saa msumarini. Haki ya mtani msibani ni kuchukua. Anachukua kofia ya marehemu, anachukua koti, anachukua fimbo, anavaa na kutamba navyo, na hakuna wa kumwuliza mpaka siku ya arobaini atakapobembelezwa kwa kuku na pombe avirudishe. Kapela alivaa vyote, na saa juu yake, akatoka mbele ya watu akitembea. Waliokuwa wakilia walinyamaza. Goti la kushoto lilikuwa lile lile lisilokunja vizuri. Bega lilikuwa lile lile. Mkono ulijipapasa mfukoni kutafuta ugoro, ukaukosa, ukapapasa mfuko wa pili. Akalifikia jeneza, akapiga makofi matatu, akasema kwa sauti ya puani ya rafiki yake, "Haya, naanza kufa!"

Uwanja mzima uliangua kicheko huku machozi yakitiririka. Mama Rozalia, mjane mwenyewe, alicheka mpaka ikabidi ashikiliwe. Adela naye alicheka, na ndicho kitu pekee kilichomwezesha kusimama siku ile.

Hakuna aliyekumbuka kumweleza Mlezi. Siku hizi nani anaandikisha kifo? Saa ndiyo inayoandikisha.

*

Pikipiki ya umeme ya taasisi ilimfikisha Adela pale maporomoko yalipoikata barabara. Kuanzia hapo alipanda kwa miguu. Nyumba nyingi njiani zilikuwa na makufuli yenye kutu, na juu ya kila kufuli kibati cha kijani kilichoandikwa: Wamehamishiwa Bondeni.

Aliikuta nyumba yao ikitoa moshi. Kapela alikuwa barazani, koti la baba begani, saa ya baba mkononi, anamenya ndizi.

"Shikamoo, Mzee Kapela."

Kapela aliendelea kumenya.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, binti yangu," Kapela aliitika kwa sauti ya puani, ile ile.

"Naomba uiache sauti ya baba. Msiba umekwisha."

"Nani kasema umekwisha? Arobaini bado. Mtani ni mimi, nitasema mimi." Kisha akarudi kwenye sauti yake, akionekana kuona haya kidogo. "Hata hivyo sauti si ya lazima. Saa yenu haisikii. Nafanya tu, nikinyamaza namkumbuka."

Mama Rozalia alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho makali yasiyopenda kuulizwa maswali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuivua, si ndiyo? Basi ujue ni mimi niliyemwomba asivue."

Adela alikaa kwenye kigoda. Hakuhitaji kuelezwa sababu, lakini mama yake alimweleza hata hivyo, kama mtu aliyekuwa amejiandaa.

"Sheria ya Wawili unaijua, mmeitunga nyinyi huko. Nyumba ya mlimani ikibaki na saa moja, mwenyewe anateremshwa Bondeni, kwenye makao ya wazee. Mume wa Skolastika alipokufa gari lilikuja hata matanga hayajaondolewa. Wewe umekwenda kumwona mama yako mdogo? Mimi nimekwenda. Wamempa kitanda, wamempa dirisha, na dirishani kuna ukuta. Anakula asichokipika. Nikamwuliza, mdogo wangu, unashindaje? Akaniambia, nakaa. Basi. Mtu aliyekuwa haishi maneno, ananiambia nakaa."

"Njoo ukae kwangu, mama."

"Kwenye chumba kimoja, nitazame magari? Na huyu nimwachie nani?" Alinyoosha mkono kwenye migomba, palipokuwa na udongo mwekundu uliotuna na maua ya karatasi yaliyokwisha kupauka.

Adela alitoa kishikwambi begani. Swali la Mlezi lilikuwa bado linamsubiri. "Ameniuliza mimi, kwa sababu Lukobero ni eneo langu. Nikisema si yeye, gari litakuja wiki hii. Nikisema ni yeye, ataniamini, na atajifunza. Kuanzia hapo Mzee Kapela ndiye atakuwa baba, siku zote, na hatauliza tena."

"Si ndiyo vizuri?"

"Si vizuri. Ukianguka je?"

Hapo palikuwa na jambo ambalo Adela alilijua kuliko mtu yeyote. Hapo mwanzo Mlezi aliita gari la dharura kila mtu alipoanguka. Ukaja msiba mmoja mkubwa, na watu wa milimani wakipokea habari ya kifo hujitupa chini. Mlezi akaona wanawake wanaanguka uwanjani mmoja baada ya mwingine, akatuma magari yote ya wilaya, na watabibu wakafika na machela katikati ya vilio. Ilikuwa fedheha. Wanawake wakaanza kuogopa kulia. Adela ndiye aliyetafuta dawa: mtu akianguka, na mwenzake wa nyumbani yuko karibu na anatembea, Mlezi asubiri, mwenzake atamwinua. Ilikuwa kanuni ya kiungwana. Kila mtu aliisifu, na yeye akapandishwa cheo.

"Mzee Kapela akiwa karibu na saa ya baba," alisema, "Mlezi atajua mume yupo. Hataita mtu."

"Si nitakuwepo kweli?" Kapela alidakia. "Nimebeba mawe ya kanisa lile, nitashindwa kumwinua mwanamke mwepesi hivi?"

"Mzee, nimekusalimu mara mbili ndiyo ukasikia."

"Nilikuwa na ndizi."

Mama Rozalia hakucheka. Alimwinamia binti yake, akamshika kidevu kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kumpaka mafuta usoni. "Adela. Tangu uende shule sijakuomba kitu. Hukuniletea nguo, sikuuliza. Hukuja Krismasi, sikuuliza. Leo nakuomba hiki kimoja. Niache nife kwangu."

Adela alikitazama kishikwambi. Kapela, ambaye hakuwa mjinga, aliona kwamba maneno yamekwisha. Aliinuka, akapiga makofi matatu, akachukua jembe ukutani, akaingia kwenye migomba. Kwa nyuma hakuwa Kapela. Lilikuwa koti lile, goti lile, mkono ukipapasa mfuko. Adela alimwona baba yake akienda shambani asubuhi ya kawaida.

Alibonyeza: Ni yeye.

Alijua ni uongo na alijua ni hatari, na bado moyo wake ulitulia. Tusimwonee, wengi wetu tungebonyeza hapo hapo.

*

Zikafuata wiki za furaha ya ajabu, furaha ya kuibia. Kapela alihamia chumba cha uani. Majirani waliposema, Mama Rozalia aliwajibu kwamba yeye analala na mume wake kama kawaida, waulize serikali. Siku ya arobaini kuku alichinjwa, pombe ikanywewa, Kapela akabembelezwa akarudisha kofia, akarudisha koti, akarudisha fimbo. Saa ikabaki.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, Adela alifungua mistari ya nyumbani. Huu wa mama: anakoroga. Huu wa baba: anapalilia. Wamekaa, mikono inakwenda mdomoni, wanakula pamoja. Alijua mkono ule ni wa nani. Lakini mistari haina sura, na taratibu akaacha kujikumbusha.

Dokta Hiza, mkuu wa taasisi, alisimama nyuma ya kiti chake siku moja na kuashiria skrini. Ofisini waliwajua wavaaji kwa vijiji na namba zao tu, si kwa majina. "Huyu wa kwanza wa Lukobero ni nani? Mwendo wake umetulia kuliko wa wazee wote wa milimani. Nataka tumtumie kufundishia. Vijiji vyote."

"Ni mzee mmoja tu," Adela alisema.

"Mpe pongezi zangu."

Aliahidi kwamba atampa. Jioni ile hakula.

*

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku alipokuwa ukumbini akifundisha watafiti wapya. Aliwapanga mistari miwili, saa mpya mikononi, akawaonyesha. "Makofi matatu, kisha taja shughuli, kisha anza. Msipopiga makofi, kazi yote ni bure. Mlezi akihisi tatu kwa mkupuo mkononi, anajua bado, anasubiri. Haya, pamoja." Ukumbi mzima ukapiga. Akawakosoa, wakarudia.

Alipotoka kunywa maji aliikuta simu yake imejaa namba ya Kapela.

"Mzee?"

Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, na mvua.

"Mzee Kapela, sema!"

"Nimemkuta," Kapela alisema. Haikuwa sauti ya baba yake, wala haikuwa ile ya Kapela mwenyewe. "Nilikuwa kwenye migomba. Nilikuwa hapo hapo, Adela, karibu kabisa, kama ulivyoniambia. Nilisikia tu, tu, tu. Nikadhani anatwanga. Nikasema leo tutakula vizuri."

"Yuko wapi? Mpe simu."

"Nimemkuta amelala jikoni, kinu kimeanguka. Mkono uko juu ya kinu." Akaanza kulia, mzee yule mzima. "Nilidhani anatwanga, mwanangu. Nilidhani anatwanga."

*

Walimzika kando ya mume wake.

Watu walikuwa wengi kuliko walivyotegemewa, kutoka vijiji vyote vya juu ambavyo bado vilikuwa na watu. Mvua ilikuwa imekatika na uwanja ulikuwa tope. Wanawake walipomaliza kuimba, macho yote yalimgeukia Kapela, kwa maana sasa ilikuwa zamu yake. Mtu alimletea kanga ya marehemu. Mwingine akasema kwa upole, "Mtani, tuonyeshe basi. Tuonyeshe alivyokuwa akifoka."

Kapela alisimama. Alijitupia kanga begani na kuinua viganja viwili. Viganja havikukutana. Vilibaki hewani, na watu wakavitazama, kisha akavishusha na kukaa chini kwenye tope.

Kwa hiyo hakuna aliyecheka. Msiba ulilia moja kwa moja mpaka kaburini, na watu wakarudi majumbani na uzito wote waliokuja nao.

Kabla hawajatawanyika Kapela alimfuata Adela nyuma ya jiko. Aliivua saa. Ngozi chini yake ilikuwa imepauka mviringo mzima wa mkono. "Chukua," alisema. "Baba yako amekufa."

"Si kosa lako, mzee."

"La nani?"

Adela aliipokea saa na kuitia mfukoni.

Ndipo alipoona. Kwenye benchi la wazee, karibu na chungu cha maji, ameketi bibi mmoja wa kijiji cha pili, Mama Protasia, aliyekuwa rafiki wa mama yake tangu ujana. Alikuwa mjane, saa yake mkononi. Pembeni yake mzee mwingine amevaa kofia isiyomtosha, na saa ya marehemu mume wa bibi huyo. Na mwingine. Adela alitembeza macho uwanjani. Kumbe Lukobero hawakuwa peke yao. Mzaha wa Kapela ulikuwa umepanda milima yote, na kila mahali Mlezi alikuwa ameukubali bila kuuliza, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwa mfano mzuri wa mvaaji wa kwanza wa Lukobero.

Mama Protasia alimwona anavyotazama. Aliinuka kwa shida, akamsogelea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama yako alituambia wewe ndiye unayejua," alinong'ona. "Mwanangu, usitutoe. Nikiteremshwa Bondeni simalizi masika."

*

Asubuhi ya kwanza kazini wenzake walimpa pole, wakamwachia nafasi. Jua lilikuwa linaingia dirishani kana kwamba hakuna lililotokea. Alifunga mlango wa chumba cha kurekodia, akawasha skrini, akafungua siku ile.

Mstari wa mama. Anakoroga. Anasimama. Halafu mistari yote mitatu inaruka kwa wakati mmoja, inatulia. Mlezi ameandika: "Ameanguka." Amelifahamu hilo mara moja, bila kusita, kama alivyofundishwa. Chini yake: "Mume yuko karibu. Anatembea. Inasubiri."

Mstari wa baba, huku upande wa pili: "Kupalilia. Hali: nzuri."

Halafu mkono wa mama unasogea tena. Unanyanyuka kidogo na kushuka. Mara tatu. Unapumzika. Mara tatu. Unapumzika. Alikuwa amevunjika nyonga, mganga alisema, na pengine sauti haikutoka, au ilitoka ikamezwa na mvua. Saa haisikii, kwa hiyo hakuna atakayejua. Lakini alikuwa mke wa Ludoviko Mkude, na alijua kwamba kuna watu wanaosoma mkono wake huko mjini, na kwamba mmoja wao ni binti yake. Aligonga lugha pekee aliyodhani wanaielewa.

Na Mlezi aliielewa. Kwenye kila mkupuo wa tatu tatu zile ameandika, kwa subira, tena na tena: "Ishara ya kuanza. Inasubiri shughuli. Ishara ya kuanza. Inasubiri shughuli."

Adela aliinamisha paji la uso mezani na kukaa hivyo. Hakulia. Alijikaza, kisha akashindwa kujikaza, akalia kwa sauti mpaka mtu akagonga mlango na yeye akasema hakuna kitu, niko sawa.

Alipoinuka alirudi kwenye mstari wa baba. Kitufe cha pili kilikuwa bado pale pale. Akikibonyeza, Mlezi angefundishwa upya tangu siku ile barazani, na kila nyumba ya milimani yenye mkono wa kuazima ingeonekana. Yeye angemwaga unga, hilo lilikuwa dogo. Magari yangepanda. Vibati vya kijani vingegongomelewa mlango kwa mlango, na Mama Protasia angepewa kitanda, na dirisha, na ukuta. Angekufa Bondeni, alikuwa amesema mwenyewe, na Adela alimwamini.

Na asipokibonyeza, Mama Protasia angeanguka jikoni kwake siku moja ya mvua, na mzee mwenye kofia isiyomtosha angekuwa karibu, karibu kabisa, anapalilia.

Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta, asubuhi nzima aliitafuta, kwa akili yote aliyosomeshwa na ndizi za baba yake. Aliwaona kwa zamu, yule bibi dirishani na yule bibi sakafuni. Yule wa dirishani alikuwa akimchukia. Yule wa sakafuni alikuwa akigonga.

Alibonyeza: Si yeye.

Kisha alirudi kwa mama yake. Aliichagua sehemu ile yote ya mwisho, tangu mkono ulipoanza kunyanyuka mpaka uliponyamaza, akafuta maneno ya Mlezi. Orodha ya majina ikamfungukia: kutwanga, kufua, kugonga mlango, kupiga makofi. Aliipita yote mpaka mwisho, penye nafasi ya kuandika jina jipya. Aliandika: Kuita.

Mlezi alifikiri kidogo. Kisha akajibu kama anavyojibu kila anapopewa jina asilolijua, kwa adabu zile zile: "Asante. Shughuli mpya: Kuita. Mifano iliyopo: mmoja. Mifano haitoshi. Tafadhali rekodi mingine."

Adela aliyasoma maneno hayo mara mbili. Aliichukua saa ya mama yake mezani, akaifunga mkononi kwake, na taa ya kijani ikawaka ilipoikuta damu. Aliigeuza kamera itazame chini. Akasimama mbele yake, akapiga makofi matatu.

Kisha akalala sakafuni, shavu juu ya saruji ya baridi, akataja shughuli kwa sauti, na akaanza kugonga.